Kipimo cha damu kwa tatizo la maziwa? Inategemea unatafuta nini

Dada wa Kigoma uliyeuliza kama kipimo cha damu kitaonyesha kwa nini maziwa yanakujaza gesi na kukuharisha: pole, ila usikimbilie kutoa hela.

Hapa kuna mambo mawili tofauti: mzio wa maziwa, na tumbo kushindwa sukari ya maziwa. Mzio ni kinga ya mwili kuishambulia protini ya maziwa, kama kaseini. Hapo damu inasaidia, maabara hupima IgE, yaani kingamwili zinazohusika na mzio. Lakini mwenye mzio huo huwashwa, hutoka vipele, midomo huvimba, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Akianza kukosa pumzi ni hospitali mbio, mambo ya vipimo baadaye. Na IgE peke yake haitoshi: wapo ambao damu inasema ndiyo na maziwa wanakunywa bila shida.

Unavyojieleza wewe, nashuku laktosi, yaani sukari ya maziwa ambayo utumbo unashindwa kuimeng'enya. IgE haiioni kabisa. Kipo kipimo cha kunywa laktosi kisha kupima sukari kwenye damu (ikipanda kwa chini ya 20 mg/dL, tatizo linashukiwa), ila mimi ningeanza na cha bure: acha maziwa wiki mbili, halafu jaribu tena nusu kikombe. Mtindi huenda ukakukalia vizuri, bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Kuhusu kalsiamu, madini ya mifupa unayohofia kukosa ukiacha maziwa, wewe uko Kigoma bwana! Dagaa mnawala na mifupa yao.