Mama mkwe akiwepo, mzazi hasemi

SWALI: Mama Mkunga, shikamoo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Bahi. Ndugu yangu anafanya kazi katika zahanati ya kijijini huko Marekani. Anasema wazazi wanaozungumza Kihispania, wakileta watoto kliniki, hupewa karatasi ya maswali ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa lugha yao. Huku ninaye mzazi mwenye mtoto wa miezi miwili. Chakula hakimpiti, usingizi hana, analia kichinichini. Lugha yake ni Kigogo na Kiswahili chake ni cha kuokoteza, kwa hiyo kliniki anasemewa na mama mkwe, na jibu siku zote ni "hajambo". Je, nami niitumie karatasi hiyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inayotumika sana ni ile ya Edinburgh ya mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama hadi 30. Ya Kihispania nayo ilibidi ipimwe kwa wazazi wenyewe, kwa mfano wa Barcelona, ambako matokeo yalitoka mwaka 2003. Basi usiitafsiri mwenyewe kwa Kigogo ukaanza kuhesabu alama. Muulize muuguzi wako kuhusu PHQ-9 ya Kiswahili, karatasi nyingine ya sonona yenye maswali 9, ambayo imefanyiwa utafiti hapa nchini. Na alama zikiwa juu, huo bado si ugonjwa uliothibitishwa; ni sababu ya mzazi kuonwa na mtaalamu.

Sasa huyo mama mkwe. Pengine ndiye anayempikia uji na kumkandia maji ya moto, simlaumu hata kidogo. Ila mbele yake mzazi gani atasema "simtaki huyu mtoto", au kwamba mume anampiga? Huko Marekani nako hayo yapo: mume au mtoto wa shule ndiye mkalimani, na wengine wanaotoka Guatemala huhesabiwa kuwa wa Kihispania, kumbe lugha ya nyumbani ni Kimam. Karatasi nzuri inapita mikononi mwao bure.

Wewe Kigogo unacho. Siku ya kliniki, mama mkwe ashike foleni ya mzani na mjukuu wake, nawe ukae na mzazi kando. Anza na usingizi: mtoto akilala, naye hulala? Halafu chakula, halafu nyumbani kukoje. Usiogope kumuuliza waziwazi kama amewahi kuwaza kufa au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupumua tu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza.

Akikubali kwamba anawaza hivyo, hata kama majibu mengine yote ni mepesi, asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, pamoja na mtu anayemwamini. Akisikia sauti zisizokuwepo au akizungumza mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dharura. Hapa Dodoma tunayo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na inaniuma watu wanavyoliogopa jina hilo hadi mgonjwa anazidiwa ndani. Sonona inatibika, kwa mazungumzo na pengine dawa, na zipo dawa ambazo anayenyonyesha anaweza kutumia, kwa hiyo asimwachishe mtoto ziwa kabla ya kuonana na daktari.

Kabla hujamuuliza lolote, zungumza na mganga mfawidhi mjue nani atampokea. Zahanati ikiwa haina mtu, waandike rufaa, nawe umsindikize.