Kabla hujapeleka mashua kwa fundi, tazama mwezi

Mashua yangu ni ya futi 22. Mara ya kwanza kuipeleka Nungwi kukarabatiwa nilifika wakati wa maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu. Fundi aliitazama ikielea mbali, akanitazama na mimi, akasema, "Mwanangu, karibu chai." Chai hiyo niliinywa zaidi ya wiki nzima.

Chombo hupandishwa pwani kwa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Huku kwetu Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, basi chombo huelea hadi juu kabisa, watu wakamalizia kukivuta kwenye magogo. Kushusha ni vilevile. Kazi ikimalizika siku tatu baada ya bamvua, utangoja nyingine. Kwa hiyo patana na fundi bamvua ya kupanda na ya kushuka kabla hamjazungumza bei.

Mbao za ubavuni unaweza kununua mwenyewe. Mataruma, ile miti iliyopinda inayoshikilia mbao kwa ndani, mwachie fundi. Mimi nilileta miti iliyonyooka, nikaambiwa nikapaulie banda la kuku. Taruma hutokana na tawi lililojipinda lenyewe, la mtondoo au mfenesi, kwa sababu nyuzi za mti zikifuata pindo halipasuki upesi. Fundi wangu alizunguka mashambani siku mbili akitafuta pindo moja tu! Misumari nayo, chukua iliyopakwa zinki. Usibanie hapo.

Siku ya kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, usiende kokote. Kaa uone pamba iliyolowekwa mafuta ikishindiliwa kwenye kila mwanya. Mwanya ukishiba, hata mlio wa nyundo hubadilika. Fundi mwenye pupa utamjua siku hiyo.

Kosa langu kubwa lilikuwa jua. Niliiacha mashua wazi hadi mbao zikakauka na kuachana. Tuliposhusha, maji yakaingia, nikampandishia sauti mzee wa watu. Hakunijibu, alinipa ndoo. Nilifua maji usiku kucha. Kesho yake mbao zilikuwa zimeanza kuvimba, na siku ya tatu ndani palibaki unyevu tu. Nilirudi kumwomba radhi.

Siku hizi ikiwa juu naifunika makuti na kuimwagia maji ya bahari asubuhi na jioni. Na ndoo naibeba mwenyewe.