Siri zangu naipa simu, watu nawaficha

SWALI: Shikamoo dada. Niko Kizota, Dodoma, nina deni la vikoba, mume hajui, ila usiku nikijifunika shuka naiandikia AI kila kitu mpaka machozi yanadondokea kioo. Kwa nini watu nashindwa kuwaambia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Simu haikunji uso wala haitakutana na wifi yako sokoni Majengo, ndo maana mdomo unafunguka, na si jambo la leo, miaka ya 1960 huko Marekani mtaalamu wa kompyuta Joseph Weizenbaum alitengeneza ELIZA, programu iliyokuwa inakurudishia tu maneno yako kama swali, na sekretari wake mwenyewe akamwomba atoke chumbani aongee nayo. Ila majina ya watu usiiandikie, yanaweza kubaki yamehifadhiwa huko. Mumeo anza naye kesho mkinywa chai, sentensi moja tu: "Baba watoto, nadaiwa."