Usinunue dawa ya ini kabla kirusi chenyewe hakijapimwa

Mdogo wangu wa Pangani, zuia hayo malipo leo. Umeandika kwamba ulikwenda kumchangia mama damu, ukaitwa ukaambiwa kipimo cha homa ya ini C kimetoka chanya, na sasa muuza dawa za asili amekuahidi kukusafisha ini kwa miezi mitatu ukiuza pikipiki yako, kisha urudie kipimo kilekile ili uone kama umepona. Hapo kwenye kurudia kipimo kilekile ndipo mimi nilipokamuliwa, na sitaki kuona kijana mwingine wa mkoa wetu akikamuliwa vivyo hivyo.

Kipimo ulichofanyiwa hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hujitengenezea baada ya kukutana na kirusi hicho. Zikionekana, maana yake ni kwamba huenda wakati fulani uliambukizwa. Kama kirusi bado kimo au kimeshatoka, kipimo hicho hakina uwezo wa kusema. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa homa ya ini C, kati ya 15 na 45 hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote, lakini kingamwili hubaki katika damu kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote, kama kovu la kidonda kilichokwisha kupona. Hata aliyetibiwa hospitali akapona kabisa, kipimo hicho kitaendelea kusema chanya. Wako pia wachache ambao hutoka chanya bila kuwahi kuambukizwa kamwe.

Sasa fikiri mwenyewe mtu anayekuuzia dawa halafu anakupima kwa kipimo kisichoweza kubadilika.

Hapa Tanga mjini, jibu langu la chanya lilitokana na damu niliyokwenda kumtolea mke wangu kabla ya upasuaji. Jirani mmoja alinipeleka kwa bwana mwenye chumba cha maabara mtaani, ambaye nyuma ya pazia aliuza pia madumu ya dawa. Kila dumu lilipokwisha nilirudi, akanichoma kidole, akadondosha damu kwenye kile kibao cheupe cha plastiki, tukakaa tukikitazama. Mstari ulijitokeza penye herufi C, na baada ya muda mwingine ukajitokeza penye T. Ule wa C hauhusiani kabisa na homa ya ini C, bali unaonyesha tu kwamba kibao kinafanya kazi. Wa T ndio jibu. Yeye hakunieleza hata hilo. Alitikisa kichwa, akasema kirusi changu ni sugu, akapandisha dozi na bei pamoja. Machungwa yangu ya Muheza niliyauza yangali mabichi mtini, kwa bei aliyoitaka mnunuzi, kwa sababu mwenye shida hapangi bei.

Na nyumbani je? Kikombe changu cha bati kilipakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye mpini ili mtu mwingine asikiguse, nikahamia chumba cha uani, na mtoto wangu wa mwisho nikaacha kumbeba. Yote hayo kwa ushauri wa bwana huyo, ilhali kirusi hiki hakiambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kuchangia vyombo. Njia yake ni damu: sindano na nyembe zilizokwisha kutumiwa na wengine, vifaa vya chale na kutoga visivyosafishwa vizuri, damu isiyopimwa, na mama kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kwa kujamiiana huweza kutokea, lakini si njia yake kuu.

Siwezi kuamini kwamba yule bwana hakujua. Mtu anayeshika vibao hivyo kila siku anajua kwamba mstari wa kingamwili haufutwi na mizizi wala na dawa ya hospitali, na kwa sababu hiyohiyo ndio uliomfaa kibiashara: mteja hawezi kupona kwa macho yake mwenyewe, basi hataacha kununua. Huo ni wizi, na namwita mwizi bila kupunguza neno.

Nilifika hospitali macho yakiwa yamegeuka manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Swali la kwanza la daktari lilikuwa: kipimo cha wingi wa virusi kiko wapi? Hakikuwapo, kwani hakuna aliyewahi kunitajia. Damu ikachukuliwa, na jibu likarudi kwamba kirusi hakikuonekana. Kilichokuwa kikiliumiza ini langu, kwa maelezo ya daktari, ni yale madumu yenyewe, na nilipoyaacha vipimo vya ini vilishuka taratibu hadi vikarudi mahali pake.

Kwa hiyo kamata hili moja: usinywe, usiuze na usimtenge mtu yeyote kabla damu yako haijapimwa kirusi chenyewe. Ukifika hospitali sema wazi kwamba kingamwili za homa ya ini C zimeonekana na unaomba kipimo cha PCR, au cha wingi wa virusi. Usikubali kuwekewa tena kibao cha haraka kama jibu la mwisho.

Kaka yako anayesema homa ya ini haina tiba anachanganya B na C. Kipimo cha kawaida cha B hutafuta kipande cha kirusi chenyewe, ndiyo maana chanya yake ina uzito mwingine, na B iliyokomaa mwilini kwa kawaida hutulizwa tu kwa dawa za muda mrefu. C haina chanjo, lakini inatibika: vidonge vya sofosbuvir pamoja na daclatasvir, kwa kawaida wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Na hata hapo, kupona huthibitishwa kwa kupima kirusi tena wiki 12 baada ya kumaliza vidonge, si kwa kingamwili.

Jibu likija kwamba kirusi hakikuonekana, mweleze daktari kama hivi karibuni ulichomwa sindano au ulinyolewa kwa wembe wa kushiriki, kwa maana anaweza kutaka upime tena baada ya miezi kadhaa. Kisha toa nakala ya karatasi hiyo na uitunze pamoja na cheti chako cha kuzaliwa, kwa sababu kila utakapopimwa afya kazini kile kibao kitasema chanya tena, na utahitaji cha kumwonyesha anayepima.