Jibu: Picha inapinda ukiweka "geuza"? Kichanganuzi chako hakina kosa

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umeandika lugha yako ndogo ya kuchezea picha. Ukifungua faili la picha la BMP na kuihifadhi bila kuigusa inatoka safi, ila ukiweka tu amri ya `geuza`, sura inalala kama mnazi wa ufukweni na rangi zinavurugika. Umekesha siku tatu kwenye kichanganuzi, ile sehemu inayosoma amri na kuzielewa. Kiache kipumzike.

Picha yako ina upana wa pikseli 413 na urefu wa 531, yaani ile paspoti ya milimita 35 kwa 45 kwa nukta 300 kwa kila inchi. Kila pikseli ni baiti tatu, kwa hiyo mstari mmoja ni baiti 1239. BMP inataka idadi ya baiti za kila mstari igawanyike kwa 4, basi inachomeka baiti moja ya kujazia: 1240. Wewe unasoma 1239 na kusonga mbele. Mstari wa pili umeshakosea baiti moja, wa tatu mbili, na kuendelea hadi mwisho.

Sasa kwa nini bila amri inatoka safi? Kwa sababu unaandika baiti zilezile kwa mpangilio uleule, kosa la kuandika linafuta kosa la kusoma. Unapoteza baiti 531 za mwisho, hata nusu ya mstari wa juu kabisa hazifiki (BMP huanzia chini). Nani atagundua? Ukigeuza kushoto kwenda kulia, makosa hayo mawili hayafutani tena, yanajumlishana.

Jaribu picha yenye upana wa 400 utaona inageuka bila shida, maana 1200 inagawanyika kwa 4. Halafu tumia `(upana*3+3)/4*4` kwa namba nzima (ukigawanya, salio linatupwa), kwenye kusoma NA kwenye kuandika.

Mimi yalinikuta kinyume chake. Nilimtengenezea rafiki yangu mwenye studio lugha ya kukata na kung'arisha picha, nikaiandika kwa C. Siku moja nikaandika:

`kata 0 0 upana-1 urefu-1`

Likatoka faili tupu. Nikaapa kwamba faili la picha ni bovu, nikahesabu baiti za kichwa chake (maelezo ya mwanzo wa faili) usiku mbili, zote 54 zilikuwepo. Usiku wa tatu ndipo nikachapisha tokeni, yaani vipande ambavyo amri inakatwa kabla ya kuchanganuliwa:

JINA kata
NAMBA 0
NAMBA 0
JINA upana
NAMBA -1
JINA urefu
NAMBA -1

Alama ya kutoa ilikuwa imemezwa na namba. `kata` ikapokea vitu sita, ikachukua vinne vya mwanzo, ikakata picha yenye urefu wa hasi moja bila kulalamika. Kosa langu kubwa lilikuwa hapo kwenye kutolalamika. Amri ikipewa vitu vingi kuliko inavyotaka, igome na itaje namba ya mstari.

Nikaamua kutoa iwe tokeni peke yake siku zote, na kichanganuzi ndicho kiamue kama ni hasi au ni hesabu. Kesho yake `sogeza 10 -5` ikawa `sogeza 5`. Nafasi tupu haitoshi kutenganisha vitu kama lugha ina hesabu. Nikaweka mkato, `sogeza 10, -5`, na sijajutia. Watu wanaosifia lugha zisizo na mkato hawajawahi kuzitengeneza.

Ukifika kwenye `angaza`, amri ya kuongeza mwanga, angalia: 200 jumlisha 60 ni 260, na ndani ya baiti moja, ambayo mwisho wake ni 255, inabaki 4. Mteja wangu mmoja alipata baka jeusi katikati ya paji la uso, pale palipokuwa panang'aa zaidi. Fanya hesabu kwenye namba kubwa, uibane kati ya 0 na 255 wakati wa kuandika faili tu. Ukiibana baada ya kila amri, `angaza 60` ikifuatwa na `angaza -60` haitakurudisha ulipotoka.

Na achana na kujaribia sura za watu. Tumia PPM ya maandishi (faili la picha la namba tupu), pikseli 3 kwa 2, unaiandika kwa mkono; baada ya mistari mitatu ya kwanza, kila namba tatu ni pikseli moja, yaani nyekundu, kijani, bluu:

P3
3 2
255
255 0 0  0 255 0  0 0 255
0 0 0  128 128 128  255 255 255

Igeuze, fungua matokeo kwa kihariri cha maandishi, usome namba. Nyekundu iwe kulia juu, nyeupe iwe kushoto chini. Ikikataa hata hapo, bandika orodha ya tokeni zako tuiangalie.