Aliyeuliza kama kafyu iliumiza watu akili: haya ni ya nyumbani kwetu

Kuna ndugu ameuliza kama kweli kafyu na kufungiwa wakati wa korona kuliumiza watu akili, au ni visingizio. Mimi nitasema ya kwetu, Mji wa Kale, Mombasa.

Kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Hiyo tuliimudu. Kilichotumaliza ni Mei, katikati ya Ramadhani, mtaa wetu ulipofungwa kabisa, hakuna kuingia wala kutoka. Mzee wa Mji wa Kale maisha yake ni baraza: kahawa chungu, bao, kusengenya kidogo (tusidanganyane), kisha msikitini. Vyote vikakatika. Babangu kila jioni akipiga pasi kanzu ile ile nyeupe, anaitundika mlangoni, haivai, maana tarawehe hakuna. Tukamcheka. Wiki ya pili akaacha hata pasi. Mchana kutwa kalala, daku haamki, ukimsemesha anajibu "hewala" basi. Tukasema ni saumu. Kwetu mtu hahesabiwi mgonjwa wa akili mpaka avue nguo barabarani.

Dawa za presha zikamwishia, kliniki akakataa katakata. Korona yenyewe hakuiogopa. Aliogopa kupimwa, apelekwe karantini, kisha adaiwe pesa za kulala huko. Na waliodaiwa walikuwapo, kwa hivyo msimwite mjinga.

Usiku mmoja, kama saa 8, mdomo ukamwenda upande. Vichochoro vyetu gari halipiti. Tukaazima mkokoteni wa muuza maji, tukashusha mitungi, tukatandika godoro. Magurudumu yanapiga kelele mtaa mzima, madirisha yanafunguka, hakuna anayeshuka. Kwenye kizuizi askari akataka barua ya ruhusa. Tukasimama hapo kama nusu saa akimpigia mkubwa wake simu, mama kamfunika babangu leso usoni watu wasimwone anavyodondosha mate.

Daktari alitueleza kuwa kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Sisi tulishapitwa. Kwa miezi nilimlaumu yule askari. Ukweli ni kwamba mkono wa babangu ulianza kufa ganzi wakati wa futari, kijiko kikamponyoka, na sisi tukakaa tukibishana: twende, au tungoje kukuche kafyu iishe? Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wa kivuko cha Likoni wakipigwa virungu na polisi siku ile ya kwanza ya kafyu. Mimi ndiye niliyesema tungoje. Usingizi wangu haujakaa sawa tangu hapo, na sijawahi kumwambia mama kwa nini.

Babangu yu hai, anatembelea mkongojo. Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, na barazani amerudi. Lakini ikikaribia saa 1 jioni huanza kuangalia saa, halafu hutaka aingizwe ndani, mlango ufungwe.