Mwambie Ndugu Yako Kwamba Mama Hatarudi

Mwanangu wa Langoni, Lamu,

Pole kwa kufiwa na mama. Umeniandikia kwamba ndugu yako, mwenye umri wa miaka 29 na ulemavu wa akili, alipelekwa kwa jirani siku ya maziko ili asije akapiga mayowe, kisha akaambiwa kuwa mama amekwenda Mombasa kutibiwa. Tangu hapo hushinda gatini akiwatazama abiria wanaovuka kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, jioni hukataa chakula, na juzi alimpiga mpwa wake. Ami yenu anasema hajui kitu, aachwe.

Asiyejua kitu hashindi gatini akingoja mashua. Anajua kwamba mama hayupo. Asichokijua ni kwamba hatarudi, na hilo mmemficha nyinyi. Mwenye ulemavu wa akili huomboleza kama sisi, ila mara nyingi majonzi yake huchelewa, na hujitokeza kwa hasira, kukosa usingizi au kususa chakula badala ya machozi, ndiyo maana watu hudhani ni ukaidi, na wengine, naujua mji wetu, watasema amepandwa na jini.

Mwambie wewe mwenyewe, nyumbani, asubuhi mkiwa mmetulia. Kwa adabu zetu husema marehemu ametangulia au amelala, lakini kwake yeye aliyelala huamka, kwa hiyo sema wazi: "Mama aliugua ugonjwa mkubwa sana. Madaktari hawakuweza kumponya. Mama amekufa. Hapumui tena, hasikii maumivu, na hawezi kurudi." Usiseme tu kwamba aliugua, kwani kila mtakaposhikwa na mafua atadhani nanyi mnakufa. Mwombe radhi kwa habari ile ya Mombasa. Atauliza tena kesho na keshokutwa. Mjibu kwa maneno yale yale, bila kumkemea.

Kisha kaka yenu mkubwa ampeleke makaburini, amwonyeshe kaburi la mama na wamsomee Fatiha pamoja. Mtakaposoma hitma, mpeni kazi anayoiweza, kama kugawa kahawa au kupitisha marashi, wala asifichwe tena. Kanga za mama msizigawe zote. Moja iwe yake.

Umeuliza kama ahamie kwa dada yenu Malindi. Si sasa. Aliyemwondokea ndiye aliyekuwa akimtayarishia maji ya kuoga na kumtolea miba katika samaki; akipoteza na chumba chake, pamoja na njia anayoijua ya kwenda msikitini, mtakuwa mmemwongezea msiba mwingine. Fuateni utaratibu wa mama, kwa saa zake zile zile, kadiri mnavyoweza. Akishinda siku mbili bila kula, au akianza kujiumiza, mpelekeni hospitali, na jambo la kwanza mtakalomweleza daktari liwe kwamba amefiwa, asije akapewa dawa za kumtuliza tu.

Shangazi yako